Andrée Blouin: mwanamke aliyekusanya wamama wa Kongo wakati hawakuwa na haki ya kupiga kura

BUKAVU – Historia ya uhuru wa Kongo inapoelezwa, majina yanayorudi ni yale yale: Patrice Lumumba, Joseph Kasa-Vubu, Antoine Gizenga, Pierre Mulele na, kwa upande wetu wa Kivu, Anicet Kashamura, mtoto wa Kalehe. Wote ni wanaume. Lakini katika miezi ile ya mwaka 1960 kulikuwa pia na mwanamke mmoja aliyezunguka vijiji vya Kwango na Kwilu akiandikisha wamama katika chama chao wenyewe. Alikuwa akiwaambia kwamba usafi wa nyumba, afya ya mtoto, ulevi wa bwana na mwanamke anayeachwa na mimba yake ni mambo ya siasa kama vile uhuru ulivyokuwa jambo la siasa.

Jina lake lilikuwa Andrée Blouin. Hakuzaliwa Kongo, na hapa Bukavu wengi hawajapata kulisikia jina lake. Amekufa tangu mwaka 1986. Hata hivyo, mashirika ya wamama ya Kivu ya Kusini yanapoongea leo juu ya ndoa za mapema, uzazi wa mpango au haki ya mwanamke kuamua juu ya mwili wake, yanatembea njia ambayo yeye alianza kuifyeka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Haya ndiyo maisha yake.

Binti wa mama aliyeolewa akiwa mtoto

Andrée alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1921 katika kijiji cha Bessou, kwenye koloni la Kifaransa lililoitwa Oubangui-Chari, ambalo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba yake, Pierre Gerbillat, alikuwa mfanyabiashara Mfaransa aliyefikia karibu miaka 40. Mama yake, Joséphine Wouassimba, alikuwa binti wa chifu wa kabila la Wabanziri, na hakuwa amefikisha hata miaka 15.

Kwa watu wa wakati ule ndoa hiyo haikuwa ajabu. Mahari yalitolewa, wazee walikubali, na msichana hakuulizwa kitu. Wazungu wengi wa koloni walichukua wasichana wa vijijini kwa namna hiyo, wakijua kwamba siku watakapotaka mke wa ngozi yao, hakuna sheria itakayowazuia. Gerbillat naye alifanya hivyo. Alioa mwanamke Mzungu, na Joséphine akabaki mama kijana asiye na bwana, mwenye mtoto ambaye koloni halikujua limuweke upande gani.

Miaka mingi baadaye, Andrée aliposimama mbele ya wamama wa Kwilu na kuongea juu ya mwanamke aliyeachwa na mtoto wake, alikuwa akieleza maisha ya mama aliyemzaa.

Miaka 14 nyuma ya ukuta

Alipokuwa na miaka mitatu hivi, baba yake alimpeleka Brazzaville, kwenye kituo cha mayatima kilichoongozwa na masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny. Kituo kile kilikuwa cha wasichana machotara. Wengi wao hawakuwa mayatima hata kidogo, kwa kuwa baba na mama zao walikuwa hai. Walifungiwa pale kwa sababu kuwepo kwao kulionyesha wazi jambo ambalo wakubwa wa koloni hawakupenda lionekane.

Andrée aliishi pale miaka 14. Katika kitabu chake cha maisha alieleza njaa, viboko, na mafundisho ya kila siku kwamba watoto kama wao ni matunda ya dhambi. Walifundishwa kushona na kusali. Juu ya mwili wao hawakufundishwa kitu isipokuwa kuuonea haya.

Alipofika miaka 15, masista walitaka kumuozesha kwa kijana waliyemchagua wao. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya kituo: msichana chotara aolewe mapema na chotara mwenzake, na shida iwe imekwisha. Andrée alikataa, akaadhibiwa, akakataa tena. Alipokuwa na miaka 17 aliruka ukuta pamoja na wenzake wawili, wakakimbia.

Msomaji wa leo anaweza kuona kitendo hicho kuwa kidogo. Lakini tukumbuke alikuwa nani: msichana asiye na familia ya kumpokea, asiye na feza, katika muji ambao sheria zake zilimtenga kwa rangi yake. Kukataa ndoa ya kulazimishwa kulimaanisha kupoteza hata ule mkate mdogo aliokuwa akipata. Ndiyo sababu wasichana wengi hawakukataa, na ndiyo sababu hata leo msichana wa kijijini anapoambiwa aseme hapana, jambo la kwanza kumuuliza anayemshauri ni hili: akisema hapana, usiku huu atalala wapi?

Mwanamke wa kufichwa

Andrée alijitegemea kwa kushona nguo. Baadaye alikutana na Roger Serruys, Mbelgiji wa ukoo wa kitajiri aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya Kasai, akamfuata hadi Dima, kwenye mto Kasai, upande wa Kongo ya Wabelgiji. Waliishi pamoja lakini hakumuoa. Wageni Wazungu walipofika nyumbani, alitakiwa asionekane. Kutokana na maisha hayo alizaliwa mtoto wake wa kwanza, Rita. Hivyo binti alijikuta amerudi pale pale alipokuwa mama yake: mwanamke anayetakiwa usiku na kufichwa mchana, ambaye mtoto wake hana jina la baba.

Baadaye aliishi na Mfaransa Charles Greutz, akazaa naye mtoto wa kiume, René. Ni kifo cha mtoto huyu kilichogeuza maisha yake.

Kinini iliyokataliwa

Ilikuwa miaka ya 1940, katika Oubangui-Chari. René alikuwa na miaka miwili aliposhikwa na malaria kali. Dawa iliyojulikana wakati ule ilikuwa kinini, na hospitali ilikuwa nayo. Lakini kwa utaratibu wa koloni kinini iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. René alikuwa na babu na bibi watatu Wazungu na mmoja tu Mwafrika. Yule mmoja alitosha. Mama aliomba, akasihi, akakataliwa. Mtoto akafa.

Andrée alieleza baadaye kwamba tangu siku ile hakuweza tena kuuona ukoloni kama bahati mbaya ya maisha yake peke yake. Aliuona kama mpango unaoamua ni mtoto gani apone na yupi afe. Alianza kupigana hadharani na sheria ile ya kinini. Siasa yake ilianzia hapo, kwenye kitanda cha hospitali.

Wamama wa Kivu wanaelewa jambo hili bila kufafanuliwa sana. Leo dawa hainyimwi kwa rangi. Lakini mama anapofika kituo cha afya akiwa amechelewa kwa sababu bwana hakutoa ruhusa, au kwa sababu feza ya pikipiki haikupatikana, naye anakuta mlango ambao wengine walimfungia kabla hajafika.

Shule ya Guinea

Mwaka 1952 Andrée aliolewa na André Blouin, mhandisi wa madini Mfaransa, na ndiye aliyempa jina tunalolijua. Walizaa watoto wawili, Patrick na Sylviane. Kazi ya bwana iliwapeleka Guinea, sehemu za Siguiri.

Huko alikutana na vuguvugu la Sékou Touré na chama cha RDA. Wanawake wa Guinea hawakuwa wapishi wa mikutano tu. Wanawake wa masokoni walichanga feza, walipeleka habari kutoka mtaa hadi mtaa, na wengine walikataa kuwapikia mabwana wao waliosita kuingia chamani. Guinea ilipopiga kura tarehe 28 mwezi wa tisa 1958 na kukataa kubaki chini ya Ufaransa, mchango wa wanawake ulionekana na kila mtu. Andrée aliyekuwa amezunguka katika kampeni hiyo alitoka na somo moja: wanawake wakikusanywa kwa jambo linalowagusa nyumbani kwao, hata siasa ya nchi inasogea.

Kwilu, 1960

Mwanzoni mwa mwaka 1960 alikutana na Gizenga na Mulele, viongozi wa chama cha PSA, kilichokuwa na nguvu katika Kwango na Kwilu. Walimuomba aje awasaidie kukusanya wanawake wa Kongo. Alikubali. Akarudi katika nchi ile ile ambako miaka ishirini hivi mbele alikuwa mwanamke wa kufichwa, safari hii akisimama juu ya jukwaa.

Hali ya wanawake wa Kongo wakati ule ilikuwa namna gani? Wabelgiji walikuwa wamejenga shule nyingi za msingi, lakini msichana alifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Katika nchi nzima hakukuwa na msichana Mkongomani hata mmoja aliyemaliza shule ya sekondari. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961. Katika miji, wake wa wafanyakazi walifundishwa kwenye fwaye sosiali namna ya kuosha mtoto na kupanga meza. Makampuni na misioni yalifungua nyumba za kujifungulia, na ni kweli ziliokoa maisha. Lakini lengo kubwa la serikali lilikuwa wazaliwe wafanyakazi wengi. Sheria ya mwaka 1933 ilikataza kutangaza njia za kuzuia mimba. Mwanamke alitakiwa azae. Kwamba azae lini na mara ngapi, hilo halikuwa shauri lake.

Tarehe 8 mwezi wa nne 1960 ilizaliwa jumuiya iliyoitwa kwa Kifaransa Mouvement féminin de la solidarité africaine, yaani Muungano wa Wanawake kwa Mshikamano wa Afrika. Mpango wake uliandikwa kwa maneno machache. Wanawake wote wajue kusoma na kuandika. Wafundishwe afya na usafi. Ulevi upigwe vita. Haki za mwanamke zitetewe. Mwanamke aliyeachwa na mtoto wake walindwe. Na mwanamke Mwafrika apate maendeleo katika jamii.

Tusiutie mpango huo maneno ambayo haukuwa nayo. Haukutaja uzazi wa mpango, na mwaka 1960 hakuna chama Kongo ambacho kingethubutu kuutaja. Lakini kila jambo lililoandikwa pale linagusa afya ya uzazi. Mwanamke anayejua kusoma anaweza kusoma karatasi ya dawa na ya hospitali. Anayejua usafi hapotezi mtoto kwa kitovu kilichooza. Bwana asiyelewa hapigi mke mwenye mimba, na feza ya nyumba haiishii kwenye pombe. Na msichana anayejua kwamba jamii haitamtupa akizaa bila bwana halazimiki kutoa mimba kwa siri katika njia za kuua.

Namna ya kazi ilikuwa ngumu lakini wazi. Walikwenda kwa gari katika barabara za mchanga na matope, kijiji baada ya kijiji, pamoja na viongozi wa PSA. Mkutano ulifanyika hadharani, wanaume wakisikia, kwa sababu mke asingeweza kujiandikisha kwa siri na kubaki na amani nyumbani. Mwanamke aliyejiandikisha alipata kadi yenye jina lake mwenyewe. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuwa na karatasi isiyosema mke wa fulani au binti wa fulani.

Kwa hesabu aliyoitoa Andrée mwenyewe, karibu wanawake 45,000 walijiandikisha katika muda wa wiki chache. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, uchaguzi ulioleta bunge la kwanza la Kongo, wanaume peke yao ndio walipiga kura. Wanawake wale wote 45,000 hawakuweza kumchagua hata diwani mmoja. PSA ilipata viti 13 kati ya 137. Ni vigumu kusema ni vingapi kati ya hivyo vilitokana na wake waliosumbua mabwana wao nyumbani, lakini hakuna aliyekuwa Kwilu aliyedhani kwamba wanawake walikaa kimya.

Ndani ya serikali, nje ya heshima

Utawala wa Kibelgiji ulimuona kuwa hatari, ukamlazimisha kuondoka kabla ya sherehe za tarehe 30 mwezi wa sita. Baada ya uhuru alirudi, na Lumumba akampa kazi ya mkuu wa protokoli katika serikali yake. Kashamura wa Kivu alikuwa waziri wa habari katika serikali hiyo hiyo. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba mtu huyo wetu alikuja kuchapisha, mwaka 1973, kitabu kizima juu ya familia na mila za ndoa na tendo la ndoa kwa watu wa Maziwa Makuu. Mambo ambayo wengi waliona haya kuyataja, watu wa kizazi kile walijua kwamba hayawezi kuachwa nje ya mjadala wa taifa.

Hata hivyo hakukuwa na waziri mwanamke hata mmoja katika serikali ya Lumumba. Mwanamke aliyekuwa karibu zaidi na meza ya wakubwa alikuwa huyu mgeni chotara, na alilipa bei yake. Magazeti ya Ulaya na Marekani hayakumjadili kwa mawazo yake. Yaliandika juu ya uzuri wake, juu ya nguo zake, na kumpa wapenzi kati ya mawaziri, huyu leo, yule kesho. Yalimuita mkomunisti na mshawishi. Kwa Lumumba walipinga siasa. Kwa Andrée walishambulia mwili.

Mwanamke yeyote wa hapa aliyegombea kiti, aliyesimamia shirika au aliyethubutu kuongea kwenye mkutano wa mtaa anajua silaha hiyo. Swali la kwanza huwa ni nani analala naye. Mila ya namna hii haijaandikwa katika sheria yoyote, na kwa hiyo hakuna sheria inayoweza kuifuta kwa siku moja.

Tarehe 5 mwezi wa tisa 1960 Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba kazini, na tarehe 14 Mobutu akachukua madaraka. Andrée alifukuzwa nchini, familia yake ikibaki nyuma kwa muda. Gizenga alikwenda Stanleyville kuunda serikali nyingine. Mwisho wa mwaka askari wa Stanleyville waliteremka hadi Bukavu, wakamkamata rais wa jimbo la Kivu, Jean Miruho, na Kashamura akashika uongozi hapa. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Katika vurugu hizo, jumuiya ya wanawake ya Kwilu ilizimika. Ilikuwa imeishi miezi michache tu.

Uhamisho na kimya

Andrée aliishi Algiers baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, kisha Paris. Nyumba yake ikawa mahali pa kukutania Waafrika waliofukuzwa kwao. Mwaka 1983 kilitoka kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, kilichoandikwa na Jean MacKellar kutokana na mazungumzo yao. Andrée hakupendezwa na namna kilivyoandikwa, akajaribu kuzuia kisitoke, lakini hakufaulu. Basi, hata hadithi yake mwenyewe haikuwa mikononi mwake kabisa.

Alikufa Paris tarehe 9 mwezi wa nne 1986, siku moja baada ya jumuiya yake ya Kwilu kutimiza miaka 26 tangu izaliwe. Miaka ya karibuni jina lake limeanza kurudi. Kinshasa kuna kituo cha utamaduni kinachoitwa kwa jina lake, na filamu ya mwaka 2024 ya Mbelgiji Johan Grimonprez juu ya mauaji ya Lumumba ilimleta tena mbele ya macho ya dunia.

Sheria zilikuja moja moja

Baada ya yeye kuondoka, mambo aliyoyadai yalikuja polepole. Mwaka 1966 Sophie Kanza akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri Kongo, akipewa mambo ya jamii. Mwaka 1967 wanawake walipata haki ya kupiga kura. Lakini mwaka 1987 Sheria ya Familia iliweka kwamba msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15, na kwamba mke hawezi kuingia mkataba wa kisheria bila ruhusa ya bwana. Mwaka 2006 ilitoka sheria kali juu ya ubakaji. Mwaka 2009 sheria ya ulinzi wa mtoto ilikataza kuoa mtu asiyefika miaka 18. Mwaka 2016 ruhusa ile ya bwana iliondolewa, ingawa sheria bado inasema bwana ndiye kichwa cha nyumba. Na mwaka 2018 sheria mpya ya afya ya watu wote ilikubali uzazi wa mpango wazi. Inataka wenye ndoa wapatane juu ya njia ya kutumia. Wasipopatana, neno la mwisho ni la yule ambaye njia hiyo inatumika mwilini mwake.

Sentensi hiyo ya mwisho ni kubwa. Tangu katazo la mwaka 1933 hadi hapo ilipita miaka 85. Lakini ni wake wangapi wa Kabare, Walungu au Kalehe wanaojua kwamba imeandikwa? Na anayejua, akisimama mbele ya bwana, mama-mkwe na wazee waliotoa ng'ombe za mahari, sentensi ya sheria inamsaidia nini peke yake? Mahari kwa mila yetu ni heshima kati ya familia mbili. Inapogeuzwa kuwa bei ya tumbo la mwanamke, heshima imekwisha.

Bukavu inayo historia yake katika vita hivi. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege baada ya ile ya Lemera kushambuliwa mwaka 1996, ilipangwa kwanza kwa ajili ya wamama wasife wakijifungua. Vita viliigeuza kuwa hospitali ya waliobakwa. Tarehe 17 mwezi wa kumi 2010, wanawake wapatao 20,000, wa Kongo na wa nchi nyingi za dunia, walitembea katika barabara za muji huu kwenye kilele cha Matembezi ya Wanawake ya Dunia. Walioona siku ile wanajua kwamba jambo alilolifanya Andrée kule Kwilu halikuwa ndoto: wamama wakikutana kwa wingi na hadharani, aibu inahama. Inatoka kwa aliyetendewa na kumrudia aliyetenda.

Jumuiya ya mwaka 1960 haikufa kwa sababu wanawake waliichoka. Ilikufa kwa sababu ilitegemea chama kimoja na viongozi wanaume waliokuwa wakipigania maisha yao, na chama kilipoanguka nayo ikaanguka. Hilo ndilo somo ambalo vikundi vya wamama vya Bukavu, vya likirimba na vya akiba katika Kadutu, Ibanda na Bagira, wanaweza kulichukua kutoka kwa mwanamke huyu. Kikundi chenye feza yake kidogo, daftari lake na viongozi wake hakisubiri mkubwa aende au arudi. Mama mmoja anayekataa kumuozesha binti wa miaka 14 atasemwa na ukoo mzima. Wamama thelathini wa kikundi kimoja wakikataa pamoja, ukoo utalazimika kukaa chini na kuongea nao.

Joséphine Wouassimba hakuwa na wamama thelathini nyuma yake siku alipotolewa kwa Gerbillat. Binti yake alitumia maisha yake akijaribu kuwapata kwa ajili ya wengine.